Mwezi wa Mizigo: Vitabu vya Tanga, Pangani na Unguja

Huwa nachagua vitabu kwanza, kisha navitafutia njia. Mwezi ukikaribia kuisha nakaa na rafu yangu ndogo, navitoa vile vinavyoitana, halafu nauliza nauli ya kufika huko vilikotoka. Mwezi huu vilivyoitana vyote vilikuwa vya pwani: *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah, *Maisha Yangu* na *Wasifu wa Siti binti Saad* vya Shaaban Robert, *Kuli* cha Adam Shafi, na kisa kimoja cha mpelelezi Bwana Msa kwa ajili ya usiku. Njia ikawa Tanga, Pangani, halafu kuvuka bahari hadi Unguja.

Watu huniuliza kwa nini nisisome nyumbani, kwa kuwa maneno ni yale yale. Ni kweli ni yale yale. Lakini mwandishi anayewaandikia watu wake huacha mengi bila kuyasema, kwa sababu msomaji wake anayajua: uzito wa gunia, urefu wa njia, jua la saa nane, harufu ya ghala. Miaka hamsini ikipita, msomaji anabaki na maneno tu, na yale yaliyoachwa hana pa kuyapata. Mimi nimekulia bara, mbali na bahari, na vitabu hivi nilivisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nikitafuta dhamira na maudhui ya kujibia mtihani. Sasa nataka kujua walichobeba wale watu, na kilikuwa kizito kiasi gani.

*Peponi* nilikinunua katika duka la TPH, Barabara ya Samora, Dar es Salaam. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwa hiyo kijana wa Unguja aliyetaka kuisoma kwa lugha ya nyumbani kwa mwandishi alisubiri miaka 28, na katika miaka hiyo kuna watu wengi waliozaliwa, wakasoma shule wakamaliza, bila kuiona. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka, na ndiyo maana nilifurahi kukikuta kitabu mbele kabisa ya rafu, si kimefichwa nyuma ya vitabu vya kiada.

Nilianza kukisoma ndani ya basi, tangu Mbezi. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji uliochangamka wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukapoa reli ilipopita. Hoteli hailipi. Baba anadaiwa na Aziz, tajiri wa misafara, ambaye mtoto amezoeshwa kumwita kwa jina la ujamaa na ambaye kila akiondoka humwachia sarafu mkononi. Siku moja Yusuf anafungiwa nguo zake na kupandishwa gari moshi pamoja na tajiri huyo. Anadhani ni matembezi.

Kawa haipo kwenye ramani, lakini reli ipo. Ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na mwanzoni mwa miaka ya 1910 ikawa Moshi. Mwaka huo huo wa 1893 ndio mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf ulipoanza kupandwa katika nchi hii. Tulipopita Segera na kushika njia ya Muheza, mashamba ya mkonge yakaanza, mistari iliyonyooka hadi chini ya milima. Nilikiweka kitabu magotini nikatazama. Gurnah hasimulii sana habari za mkonge, lakini mistari ile ilinieleza haraka jinsi nchi ilivyopangwa upya katika miaka ile, watu na ardhi wakihesabiwa kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine. Yusuf alipita katika nchi hiyo akiwa dirishani, kama mimi.

Tanga niliipenda upesi. Ni mji wa baiskeli na wa barabara zenye namba, na ukiuliza njia Ngamiani utaambiwa ushuke barabara ya nane ukate kushoto. Siku ya pili nilichukua bodaboda kwenda Machui, kusini mwa mji, kwa sababu Shaaban Robert alizaliwa upande huo, Vibambani, mwaka 1909, na kaburi lake liko huko. Dereva wangu, kijana mchangamfu, alijua njia bila kuuliza. Nilimuuliza kama amesoma kitabu chake chochote.

"Shuleni tulisoma mashairi yake, kaka. Kitabu kizima, hapana. Vinauzwa wapi?"

Swali hilo sikuweza kulijibu pale Machui, na nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile. Dar es Salaam kuna mtaa unaoitwa Shaaban Robert na kuna shule ya sekondari yenye jina lake. Jina limekaa vizuri kwenye vibao. Vitabu ndivyo vya kutafutwa. Nakala yangu ya *Wasifu wa Siti binti Saad* ni ya mtumba, imeshonwa upya kwa uzi, na kuipata ilinibidi niwaachie namba yangu wauza vitabu kadhaa wa kando ya barabara. Mwandishi tunayemtaja kwa heshima katika kila hotuba ya lugha hapaswi kutafutwa hivyo. Vitabu vyake vinastahili kuwa dukani Tanga, stendi ya Kange, pale anaposhuka kila mgeni wa mji.

Tulikaa kivulini nikamsomea yule kijana ukurasa wa *Maisha Yangu*, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Alisikiliza akiwa amevua kofia ngumu. Kinachonigusa katika kitabu hiki ni kwamba mtu huyu mkubwa aliandika akiwa karani. Alisoma Dar es Salaam, akaanza kazi mwaka 1926 kama karani wa forodha, na miaka yake mingi ya forodha ilipita Pangani. Mwaka 1944 akahamishiwa Mpwapwa, idara ya mifugo, na miaka miwili baadaye akarudi Tanga. Kuhamishwa katika simulizi yake si jambo la barua tu. Ni kufunga nyumba, ni kutengana na watu, ni kuanza upya katika hali ya hewa nyingine ukiwa na mshahara mdogo, wakati wa vita, na kuyafanya hayo yote kwa amri ya ofisi ambayo haikuulizi. Na baada ya saa za kazi, usiku, akaandika. Kijana wa bodaboda aliniomba nisome tena sehemu ya ndoa na kufiwa, kisha akasema mama yake angependa kusomewa hiyo. Nilimpa jina la kitabu kwenye karatasi, pamoja na jina la duka la Dar es Salaam.

Pangani ni kama kilomita 50 kutoka Tanga, na ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ndiko *Peponi* kilikonishika barabara. Mji wenyewe ni mdogo: mto mpana wa rangi ya udongo, pantoni inayovusha watu kwenda Bweni, nyumba kuukuu zenye milango ya kuchonga na kuta zinazomeguka, boma la zamani. Lakini hapa misafara iliondoka kwenda bara ya kaskazini, kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Hapa Abushiri aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa wakamnyonga mwezi Desemba mwaka 1889. Gurnah hakuiweka safari yake Pangani. Hata hivyo ukikaa barazani pale na kitabu mkononi huhitaji kubahatisha msafara ulikuwa nini.

Katikati ya riwaya Aziz anaondoka na msafara kwenda bara, na Yusuf anachukuliwa. Mbele kuna Mohammed Abdalla, mnyapara ambaye wapagazi wanamwogopa kuliko simba. Kuna ngoma na tarumbeta za kutokea mjini. Kisha siku zinafuatana, maradhi, ushuru wa kila mtawala wa njiani, mpaka kwa Chatu, ambako msafara wote unavunjika. Nilipokuwa mwanafunzi ningesema dhamira ni tamaa. Pangani niliona kitu kingine. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika enzi hizo ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Nilimwomba kijana mmoja wa pantoni aniruhusu kubeba gunia lake la nazi kutoka ufukoni hadi barabarani, mwendo wa dakika chache tu kwenye mchanga. Nilipolitua shingo ilikuwa imekaza na mikono inatetemeka. Mpagazi alikwenda hivyo kwa miezi, akipanda na kushuka, na jioni alipika na kujenga ua wa miiba. Nikarudi kwenye sura ile ile. Wapagazi wa Gurnah wanalalamika kidogo sana, wanaimba, wanatukanana, wanatoroka usiku. Sasa nilielewa kwa nini wanatoroka, na nikaelewa kwa nini mwandishi hakuona haja ya kutuandikia hotuba juu yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu jirani na mahali nilipokaa aliniona na kitabu hicho siku mbili mfululizo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho kitabu hakiishi?"

Nikamsimulia kwa ufupi: baba anadaiwa, mtoto anachukuliwa, anawekwa dukani kwa tajiri pamoja na kijana mwingine, Khalil, aliyechukuliwa vivyo hivyo kabla yake.

"Na baadaye akakombolewa?"

"Hapana, mzee. Baba alifariki, mama akahama mji."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi alikwisha kuwa mali ya mtu. Rehani haina muda wa kusubiri huzuni ya mwenyewe."

Nimesoma mapitio mengi ya riwaya hii, ya wasomi wa vyuo vikuu vya mbali, na hakuna lililonifikisha karibu na moyo wake kama maneno ya yule mzee. Yusuf ni mzuri wa sura, ni mpole, kila mtu anamtaka, na katika kitabu kizima hakuna anayemuuliza anataka kwenda wapi. Yeye mwenyewe ni mzigo uliopakiwa Kawa. Ndipo nilipoona kilichoviita vitabu hivi pamoja rafuni kwangu.

Boti ndogo za Pangani hushusha abiria Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Njiani husomi. Vitabu vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ulio ndani ya mfuko mwingine, mimi nimeukumbatia, maji yanaturukia kila wimbi la tatu au la nne. Kutoka Nungwi nilipanda daladala hadi mjini, nikaenda kwa mwenyeji wangu Ng'ambo, si mbali na majumba marefu ya Michenzani.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa mji. Wazazi wake walikuwa watu duni, na kazi ya nyumba yao ilikuwa kufinyanga vyungu. Siti alivichukua vyungu hivyo kuviuza mjini, akienda kwa miguu na kuimba njiani ili watu wajue mwenye vyungu anapita. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza, akaingia katika taarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, zikauzwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Miaka minane baadaye Shaaban Robert, karani wa Tanga, akatoa wasifu wake.

Nilitoka Fumba asubuhi nikarudi mjini kwa miguu, kama kilomita 20. Fumba ya leo inajengwa kwa kasi, majumba mapya yenye varanda, mabango ya viwanja, malori ya mchanga. Mbele kidogo minazi inarudi, na vijiji, na wanawake wenye ndoo. Nilikuwa na begi jepesi mgongoni, chupa ya maji, na kitabu. Kufika Kiembesamaki jua lilikuwa limenichosha nikatafuta madafu. Siti alitembea njia hii akiwa na udongo wa kuchomwa kichwani, kitu ambacho ukijikwaa mara moja mapato ya wiki yamekwenda. Mtu anayejifunza kuimba katika hali hiyo anajifunza pumzi. Sisemi kwamba Shaaban Robert ameeleza hivyo. Yeye anasisitiza zaidi tabia njema, subira na kipaji kutoka kwa Mungu. Ni miguu yangu iliyonieleza habari ya pumzi.

Kama msomaji nina ombi langu kwa kitabu hiki, ingawa mwandishi hayupo tena kulisikia. Shaaban Robert anamheshimu Siti kiasi kwamba mara nyingine Siti hatumwoni, tunaiona heshima. Ningependa kukaa zaidi na kundi lake, Mbaruk Talsam na Budda Swedi, na usiku wa nyumbani kwake ambako watu wa Ng'ambo walisikiliza nyimbo zilizohusu mambo ya mji, hadi kesi za mahakamani. Lakini hebu tazama alichofanya: katika miaka ya 1950 mwanamume wa heshima wa pwani alikaa akaandika kitabu kizima juu ya mwanamke mwimbaji, mtoto wa mfinyanzi, na kumweka mahali ambapo vitabu vya wakati ule viliwaweka masultani. Ujasiri huo unatosha kukifanya kitabu kichapishwe tena na tena.

*Kuli* nilikisomea Malindi, kando ya bandari ya Unguja. Adam Shafi alikitoa mwaka 1979, na kiini chake ni mgomo wa mwaka 1948, ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini na kuenea mji mzima. Rashidi ni kuli mtoto wa kuli. Sura za mwanzo, za kazi ya gatini, ni miongoni mwa kurasa bora tulizonazo kwa Kiswahili juu ya kazi ya mikono: kungojea kuitwa, kupita mbele ya msimamizi anayekupima kwa macho, kuinama, gunia kutua mgongoni, ubao unaoyumba kati ya tishari na gati. Adam Shafi haelezi vifaa. Anataja tu, anapita, kwa sababu anaandikia mji unaovijua.

Leo makontena yanainuliwa kwa mashine, lakini nje ya geti hamali bado wapo na magari yao ya kusukuma, wakisubiri mizigo ya wasafiri na wenye maduka. Nilisoma nikiwa nimekaa karibu nao, na asubuhi moja mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akaniuliza habari ya kitabu. Nilimsomea ile sehemu ya ubao. Wenzake wawili wakasogea.

"Hiyo sawa kabisa," alisema. "Mwenye kuandika hivyo kaona. Ubao ukiyumba hutazami maji, watazama kisigino cha aliye mbele yako."

Akataka kujua mgomo uliishaje. Hapo nilisita, maana nusu ya pili ya riwaya ndiyo niliyokuwa nayo mashaka. Wahusika wanaanza kuhutubiana, mwalimu wa siasa anajua kila jibu, na Rashidi anageuka kutoka mtu kuwa mfano. Nilimsimulia hata hivyo. Hamali wale hawakuwa na mashaka yangu. Kwao zile hotuba zilikuwa mazungumzo ya kawaida juu ya ujira, nani anakata posho ya nani, na nini kinatokea mmoja akigoma peke yake. Wakaanza kubishana wao kwa wao, wakanisahau. Nadhani kasoro ya sanaa ipo pale pale. Ila nimeacha kusema kwamba sehemu ile haina uhai, kwa kuwa nimeuona uhai wake ukisimama mbele yangu umeshika mkokoteni.

Usiku, baada ya hayo yote, nilisoma *Mzimu wa Watu wa Kale*. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikitoa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na ndipo Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi yetu. Hakina mzigo wowote zaidi ya maiti na fumbo. Nilikisoma kwa raha tupu, taa imezimwa mara mbili na umeme wenyewe, na mtoto wa mwenyeji wangu akadai nimsimulie asubuhi kila nilipofika. Kama una kijana nyumbani anayesema vitabu vya Kiswahili vinachosha, mpe hiki kabla ya kingine chochote.

Mwezi ujao nahama bahari, naenda ziwani. Kisiwa cha Ukerewe kimetoa waandishi wawili ambao nchi kubwa ingejivunia kumpata mmoja. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, kisha yeye mwenyewe akaihamishia Kiswahili. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 mzee yule alikaa na mswada wake. Ndani yake mume na mke hawajajaliwa mtoto, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume ili amrudishe anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni. Kuna migomba ya kukata, kuna kukamua, kuna mitungi ya kubebwa. Nataka kuisoma kazi hiyo mahali migomba ilipo, na nataka kufika Kagunguli, alikoishi Kitereza.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. *Rosa Mistika*, cha mwaka 1971, kiliwahi kuzuiwa shuleni, na walimu wangu walikitaja kwa kunong'ona. Nitakirudia nikiwa Namagondo kwenyewe, kwa sababu sasa nimefika umri wa wazazi wa Rosa na nadhani nitawasoma wao zaidi. *Nagona* na *Mzingile* nitavibeba pia. Ni vyembamba, ila ni vigumu, na ukurasa wake mmoja unaweza kuchukua asubuhi nzima.

Nimekwisha kuulizia njia: treni ya umeme hadi Dodoma, basi hadi Mwanza, halafu meli ya Nansio. *Mbali na Nyumbani* cha Adam Shafi, simulizi ya safari yake ya ujanani kupitia Kenya, Uganda na Sudan hadi Misri, nilitaka kukiweka mwezi huo huo, lakini kitasubiri. Hicho kinadai mpaka na pasipoti. Kitereza ni mnene, na nitamwanza stesheni kabla treni haijaondoka, ili nikifika ziwani Myombekere awe ameshapika pombe yake.